Picha ya Kabla ya Sindano

9 Februari

Mwanangu Kiherehere,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana zina uzito. Mimi hali yangu ni ya mtu anayeulizwa "hujambo?" na watu wasiotaka jibu refu. Kaka yangu, baba yako, mzima wa afya. Tangu astaafu ameamua kwamba yeye ni fundi, na mlango wangu wa jikoni, ambao zamani ulikuwa unalia tu, sasa haufungi kabisa. Paka wa jirani amezaa ndani ya kabati langu la magazeti, juu ya makala zangu za zamani. Nimemwacha. Ndiye msomaji wa kwanza aliyezitumia bila kuniandikia matusi.

Utauliza kwa nini barua, wakati dunia nzima inabonyeza simu. Kwanza, mwanga wa simu unanigonga kichwa tangu ile mionzi ya mwaka jana. Pili, kwenye simu nikianza kusema wewe unaanza kulia. Kwenye barua utalia hukohuko na mimi nitamaliza sentensi yangu.

Haya, jambo lenyewe. Unalikumbuka lile doa jeusi chini ya kisigino changu. Zahanati waliniambia ni damu imevilia kwa sababu ya kiatu, na nilipotaja saratani ya ngozi tabibu wao alicheka: "Mama, hiyo ni ya watu weupe." Kana kwamba ugonjwa huomba kitambulisho mlangoni. Hospitali kubwa wakagundua ndiyo yenyewe, wakakata kipande cha kisigino, kisha tezi za kinena, na mwishoni mwa mwaka jana tukaambiwa limepanda hadi kwenye ubongo, madoa kadhaa. Nikapigwa mionzi ya kichwa, nikawekwa kwenye dripu ya kuamsha kinga, ile inayowaonyesha askari wa mwili adui yao ni nani. Mpaka hapo unajua.

Usilolijua ni hili. Mwezi uliopita nilipigwa picha mpya kwenye mashine ya sumaku, ile MRI. Daktari wangu wa saratani aliifungua mbele yangu: madoa yanang'aa kama balbu, na mawili yamenenepa. Akasema dawa imeshindwa. Dripu imesimamishwa. Dawa ni chache, wanaosubiri ni wengi, na kiti changu kitapewa mtu mwingine. Mimi nirudi nyumbani nikapumzike.

Mimi, kupumzika! Nimeandika safu gazetini maisha yangu yote, wasomaji wananiita Mwiba, mawaziri wameniita majina mabaya zaidi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitukana kwa neno "pumzika".

Ndani ya bahasha kuna diski ya picha zote, za mwaka jana na za Januari. Wewe ni daktari wa picha. Mashine hizi ndizo mkate wako. Sitaki huruma, nataka hoja. Kama wamesema kweli, niambie ni kweli, nipange vitabu vyangu na nigombane na yeyote aliyebaki. Kama si kweli, nipe silaha nirudishiwe dripu yangu.

Na baba yako asijue kwamba imesimamishwa.

Shangazi yako,
Mwiba


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka kazini, kwenye kile chumba chetu chenye giza tunamosomea picha, ambamo watu hukaa kimya kama wamegombana. Nyumbani wote wazima. Mume wangu amerudishiwa zamu za mchana, kwa hiyo siku hizi tunaonana tukiwa macho. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anaringa kana kwamba ameyang'oa kwa hoja. Sijui karithi kwa nani.

Diski imefika. Nisamehe kwa kuchelewa. Unajua kazini kwetu kuna kanuni: daktari hasomi picha ya ndugu yake wa damu. Jicho la ndugu huona linachokitaka au linachokiogopa, na vyote viwili si ugonjwa. Kwa hiyo nimeifungua, nikaifunga. Nitamwomba mkuu wa kitengo chetu aisome, ila yuko safarini. Nivumilie kidogo.

Nina maswali, na nakuomba usinijibu kwa makala. Mkono wako wa kushoto ukoje? Umewahi kuanguka? Zile tembe za kupunguza uvimbe unameza? Na mbona mistari ya barua yako inaanzia katikati ya karatasi, upande wa kushoto umeachwa mtupu kama uwanja wa mpira?

Baba sijamwambia neno. Ila sipendi.

Mwanao,
Kiherehere


10 Machi

Kiherehere,

Barua yako imefika ikiwa na zamu za mumeo, meno ya mtoto na kanuni za kazi, kila kitu isipokuwa jibu. Salamu nimezipokea, na mjukuu mwambie akaze uzi. Sasa tuje kwako.

Mimi kazi yangu ni maneno. Najua mtu anavyoandika anapokuwa na la kusema, na najua anavyoandika anapokuwa amelikalia. "Nimeifungua, nikaifunga." Mwongo mkubwa wewe! Tangu ulipoanza kutembea hujawahi kufungua sufuria, mkoba wala barua ya mtu ukafunga bila kuchungulia; hilo jina hukupewa kwa urembo. Umeziona. Umeona walichokiona wao, ukatishika, ukaniletea meno ya mtoto.

Kuhusu karatasi: ni yangu, nimeinunua, nitaanza mstari ninapotaka.

Nilirudi kwa daktari wangu. Ni kijana mwema, kola yake imechakaa, macho yake ya mtu asiyelala. Hiyo ndiyo shida yangu naye. Angekuwa mtu mbaya ningemmaliza kwa sentensi mbili.

"Mama," akasema, "inabidi tukubali hali halisi."

"Tukubali mimi na nani? Hiki kichwa tunachangia?"

"Namaanisha kwamba..."

"Unamaanisha nife kwa adabu."

Akacheka bila kutaka, halafu akaona haya. Kisha akasema neno ambalo nimelala nalo tangu siku ile: picha haidanganyi.

Picha haidanganyi! Nimefanya kazi magazetini, mwanangu. Nimeona picha ya umati iliyopigwa kwa karibu ili watu hamsini waonekane taifa zima, na ya umati uleule iliyopigwa kutoka ghorofani ili uonekane mkutano wa harusi iliyovunjika. Hakuna hata moja iliyodanganya. Kila moja ilijibu swali ililoulizwa na aliyeishika kamera. Nataka kujua kichwa changu kimeulizwa swali gani.

Na hili la kukubali linanichemsha. Kila mtu anamhimiza mgonjwa akubali, kana kwamba kukubali ni tembe ya kutwa mara tatu. Kwa nini hawamhimizi mzima atazame vizuri kwanza? Kukubali baada ya kujua ni ujasiri, sikatai. Kukubali kabla ya kujua ni uvivu uliovaa kanzu ya hekima, na mara nyingi mvivu si mgonjwa.

Kiti changu cha dripu bado hakijapewa mtu, ila wanasema ni suala la wiki chache. Nimeanza makala. Inaitwa "Hospitali Inayozika Walio Hai". Mhariri ameniahidi ukurasa mzima mwisho wa mwezi. Kama una la kusema, liseme kabla ya hapo.

Shangazi yako aliyekasirika na asiyelia


17 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na ahsante kwa kunitukana vizuri. Mume wangu kaisoma barua yako kwa sauti mezani, mtoto akauliza kama anaweza kuipeleka shuleni. Wote tu wazima.

Ni kweli. Niliifungua diski siku ileile ilipofika, nimesimama, hata koti sijavua. Niliona ule mng'ao nikausoma kama walivyousoma wao. Nikajifungia chooni mpaka wenzangu wakaja kugonga. Halafu nikakuandikia habari za meno.

Jumatatu mkuu wa kitengo akarudi. Ni mama mmoja mfupi, mkali kukupita. Ndiyo, yupo. Sikumwambia picha ni za nani. Nilimwambia tu ni saratani ya ngozi iliyopanda kichwani, nikakaa nyuma yake. Alipitia za mwaka jana, akapitia za Januari, akazirudia. Kisha bila kugeuka:

"Ya kabla iko wapi?"

"Kabla ya nini, mkuu?"

"Kabla ya sindano, binti! Umesomea wapi wewe, sokoni?"

Shangazi, nisikilize polepole. Ukiingia kwenye ile mashine, kwanza unatakiwa kupigwa picha kavu. Kisha unachomwa sindano ya dawa ya picha. Dawa inatembea na damu, na penye uvimbe ulio hai mishipa huvuja, dawa huingia, mahali pale panang'aa. Unapigwa picha ya pili. Kinachong'aa kwenye ya pili na hakikung'aa kwenye ya kwanza, hicho kimekunywa dawa. Hicho ndicho cha kuogopa.

Lakini vipo vitu vinavyong'aa vyenyewe, bila dawa yoyote. Damu iliyovilia ndani kwa muda hung'aa. Na ile rangi inayoipa ngozi yetu weusi wake, ambayo saratani yako huibeba kila inakokwenda kama mwizi aliyevaa shati la mwenye nyumba, nayo hung'aa nyeupe kwenye picha ya sumaku. Kwa hiyo kwa saratani hii kuliko nyingine zote, picha ya kabla ni lazima. Ukiikosa, ni sawa na kumkuta mtu ana nguo mbichi ukaapa kwamba amenyeshewa, hali hukumwona alipotoka nyumbani. Pengine alikuwa anafua.

Kwenye picha zako za mwaka jana, ya kabla ipo, na pale uvimbe ulikuwa hai bila ubishi. Kwenye za Januari haipo. Haikupotea. Haikupigwa. Mkuu anahisi wameiondoa ili kufupisha foleni. Amewahi kuona mahali pengine.

Sasa tafadhali usiruke dari. Hii haisemi kwamba umepona. Inasema kwamba hakuna anayejua. Yale mawili yaliyonenepa huenda yamevuja damu yakiwa yanakufa. Huenda pia yamekua kweli. Mimi siwezi kukuambia ni lipi, na nikikuambia nitakuwa nakudanganya kwa mapenzi.

Ninachokuomba: makala iweke pembeni. Ukiwamwagia moto watajitetea, na mtu anayejitetea hapigi picha. Omba kitu kimoja tu: wapige ya kabla, wapige ya baada, kisha kompyuta itoe moja kutoka kwa nyingine kama hesabu ya kutoa. Kitakachobaki ndicho kilichokunywa dawa. Mkuu wangu amemwandikia daktari wako, ukurasa mmoja, wa heshima. Umo ndani ya bahasha hii. Mpe mkononi. Nakuomba, Shangazi, mpe tu, usimsomee.

La mwisho. Nimemwambia baba. Ubongo ukivimba huweza kusahau upande mmoja wa dunia, na mtu anayeacha nusu ya karatasi tupu bila kujua kwamba ameiacha haendi hospitali peke yake. Nichukie kwa barua, nitaipokea.

Mwanao,
Kiherehere


4 Aprili

Msaliti wangu mpendwa,

Salamu kwa mumeo, kwa mwenye pengo, na kwa yule mama mfupi. Mwambie ningependa siku moja tugombane ana kwa ana.

Baba yako alifika asubuhi akiwa na chupa ya chai, kofia, na kigoda cha kukunja, akisema foleni za hospitali anazijua. Nilimngojea alie. Hakulia. Alisema tu, "Unanificha mimi? Mimi niliyekuonyesha pa kujificha tulipokuwa watoto?" Nikakosa la kujibu. Andika tarehe.

Na kwa kuwa siku zenyewe ni za kukosa majibu: ndiyo, mkono wa kushoto umenivunjia vikombe. Ndiyo, nilianguka bafuni. Tembe niliziacha kwa sababu zilinivimbisha uso. Nimezirudia, na kikombe sasa kinakaa mkononi. Nimekiri mara moja, nisiulizwe tena.

Tulianza kwa daktari wa saratani. Nikampa barua mkononi. Sikumsomea. Alisoma, akarudia, akasimama.

"Sikujua kwamba wameacha kuipiga," akasema. "Mimi huletewa maelezo na picha chache tu. Ningeuliza."

Mwanangu, sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayesema "ningeuliza". Nilikuwa na maneno makali yaliyotiwa makali wiki nzima, yakaniozea mdomoni. Akatushika mikono, mimi na baba yako, akatupeleka mwenyewe kitengo cha picha.

Mkuu wa Picha ni mtu mkubwa mwenye meza tupu. Aliishika barua kwa pembe, kama mtu aliyeokota soksi.

"Mama," akasema, "tuna mashine moja. Watu wanasubiri miezi. Niliondoa ile picha ili niokoe dakika chache kwa kila mtu. Jioni ikifika tumeongeza wagonjwa wawili. Wawili, kila siku. Hao si watu?"

Nitakuwa mkweli: hoja yake haikuwa ya kijinga, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Hoja ya kijinga haiui watu wengi.

"Hao wawili unaowaongeza," nikamwambia, "unawaingiza mlangoni ili waambiwe nini? Kwamba wanakufa, hali hujui kama wanakufa? Umefupisha foleni ya kuingia, umerefusha ya makaburini."

"Unakuja kunifundisha kazi?"

"Kazi unaijua. Nimekuja kukukumbusha kwamba unaijua."

Daktari wangu akakohoa. Hapo baba yako, ambaye hakuna aliyemuuliza, akainuka kwenye kigoda chake. "Bwana mkubwa, mimi ni fundi. Hata mlango, haupimwi baada ya kukatwa. Unapimwa kabla."

Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zote, maana wangu aliukata kwanza, akaupima baadaye. Lakini Mkuu wa Picha hakuujua mlango wangu. Alimtazama baba yako, akaitazama barua, safari hii akaishika kwa mikono miwili. Akaisoma hadi kwenye sahihi.

Kisha akamuuliza daktari, si mimi: "Figo zake zitaiweza dawa ya sindano? Zimepimwa lini?"

"Wiki iliyopita. Ziko sawa."

Akawaita vijana wa mashine: "Nyie, mlazeni huyu mama. Anzeni na ya kabla."

Ile mashine unaijua kwa nje, acha nikuambie ndani. Ni kama kulazwa ndani ya pipa huku mafundi wenye kinyongo wanagonga mabati juu ya kichwa chako. Kwenye vile vipokea sauti vya masikioni ikaja sauti ya binti mmoja: "Mama, sasa hii ndiyo ya kabla. Usitikisike." Nilitaka kupiga kigelegele. Nikakumbuka nimeambiwa nisitikisike. Nimewashinda watu wengi maishani, ila sijawahi kushinda nikiwa nimelala chali, nimefungwa kichwa, siruhusiwi kutabasamu.

Baadaye ikaja sindano, baridi ikapanda mkononi hadi begani. Mabati yakaanza upya.

Madaktari watakaa kamati na kuniita. Makala iko kwenye droo. Sijaichana, nimeilaza tu. Sasa nangoja, na nakuambia wewe peke yako: kungoja huku ni kugumu kuliko kule, maana kule nilikuwa na hasira, huku nina tumaini, na tumaini halina pa kushikia.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata neno kutoka kwako na baba hapokei simu, nadhani ameiacha nyumbani kwake kama kawaida. Huku wazima. Mtoto ana mafua.

Sijui kama umekwenda. Sijui kama umewapa barua au umewarushia. Leo mkuu wangu aliniuliza tukiwa tunakunywa chai: "Na kama picha ya kabla ikionyesha kwamba walisema kweli?" Nikamjibu kwamba basi shangazi yangu atakuwa ameambiwa kweli nzima, na kweli nzima anaiweza. Nilijibu vizuri, ila chai sikuimaliza.

Tangu siku ile, kila kichwa kinachoingia kwenye kompyuta yangu naanza kwa kutafuta picha kavu. Wenzangu wameanza kunicheka. "Ya kabla iko wapi?" wanaulizana hata kwenye foleni ya chakula.

Niliyokuandikia ya kwamba siwezi kukuambia ni lipi, bado ni hivyo. Ila naomba. Sikukuambia kwamba naomba.

Niandikie. Hata neno moja. Hata tusi.

Kiherehere


19 Aprili

Kiherehere, mwanangu, daktari, mchunguliaji mkuu wa ukoo,

Barua zetu zimepishana njiani, yangu ikienda na ushindi nusu, yako ikija na hofu nzima. Pole kwa mafua ya mtoto. Baba yako anakusalimu. Yuko hapa, na simu yake iko kwake. Kaa chini. Safari hii si kwa sababu ya uzito.

Walituita chumba cha kamati, meza ndefu, viti visivyofanana. Daktari wangu aliwasha kompyuta. Alifungua picha ya kabla. Mwanangu, madoa yalikuwa yanawaka! Yaleyale, balbu zilezile zilizonifukuza kwenye dripu, zinawaka hata sindano haijanikaribia. Kisha akafungua ya baada. Vilevile. Hazikuongeza hata chembe ya mwanga. Kisha kompyuta ikatoa moja kutoka kwa nyingine.

Giza.

Pale palipokuwa na doa kubwa, giza. Lile jingine lililonenepa, giza. Nimesoma mashairi mengi yanayosifu mapambazuko. Nasema mbele ya mashahidi kwamba hakuna pambazuko lililowahi kunipendeza kama giza lile. Daktari akaeleza: damu ya zamani, na rangi iliyoachwa na seli zilizokufa. Dawa haikuwa imeshindwa. Dawa ilikuwa imepiga, adui akavuja damu, na sisi tukaiona damu yake tukasema amenenepa. Walitaka kumwachisha kazi askari kwa sababu uwanja umejaa maiti.

Nitakuambia yote, maana nilitaka hoja na hoja haifichwi mkia. Kwa nyuma kimebaki kiduara kimoja, chembamba, kama alama ya glasi mezani. Hicho kimekunywa dawa. Watakipiga mionzi hicho peke yake. Sikijali. Nakijua kilipo, na nimezoea kuishi na wapinzani.

Baba yako alivua kofia, akaivaa, akaivua. Halafu akatoka nje, akarudi macho mekundu, akasema korido ina vumbi.

Kisha akasimama Mkuu wa Picha. Nilijiweka sawa, nikanoa ulimi.

"Tulisoma vibaya," akasema. "Mimi ndiye niliyeiondoa ile picha. Na si huyu mama peke yake." Kumbe siku zote tulizokuwa tunangoja, alikuwa anafukua. Ametoa faili la kila mwenye ugonjwa huu aliyepigwa picha ya kichwa tangu alipofupisha, na ameanza kuwaita warudi, mmoja mmoja. Kwenye mlango wa chumba cha mashine amebandika amri yenye sahihi yake: kwa saratani hii, bila ya kabla hakuna picha. Suala la foleni atalipigania kwa wenye mashine, si kwenye vichwa vya watu.

Ulimi wangu niliokuwa nimeunoa nikautumia kumshukuru. Ulikata vibaya, haukuzoea.

Makala imetoka Jumapili. Niliiandika upya yote. Lawama nimempa aliyestahili, na sifa nimempa yeye huyohuyo kwa kusimama, na hiyo ya pili ilinitoa jasho zaidi. Nimewaambia wasomaji wasiache kulikasirikia neno "kubali" mpaka waulize nani ametazama, ametazama nini, na nini hakikutazamwa. Barua za matusi zimeanza kufika. Nimezikosa sana.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo nilipotaka kufika. Jana nimerudi kwenye dripu. Chumba kilekile, viti vilevile vyenye mikono ya plastiki iliyopasuka. Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee mmoja fundi wa redio. Yake ilianzia chini ya ukucha wa gumba, ikapanda. Naye alikuwa ameambiwa akapumzike. Naye wamemwita, wamempiga ya kabla, wamekuta giza. Muuguzi alipomwambia mimi ndiye Mwiba, akanikagua kutoka juu hadi chini.

"Kumbe ndiye wewe mwenye makelele gazetini."

"Makelele hayo ndiyo yaliyokurudisha kwenye hicho kiti, baba."

"Sikatai. Lakini bado ni makelele. Redio ikikwaruza, hata kama inasema kweli, mtu huizima."

"Mtu mwenye akili huitengeneza. Si ndiyo kazi yako?"

"Inategemea. Nyingine hazitengenezeki, zimezaliwa hivyo."

Nikamwambia kwamba redio zote alizowahi kugusa zilikufa kwa aibu. Akasema hajawahi kusoma makala yangu hadi mwisho. Nikamwambia inaonekana, maana anabisha kama mtu aliyeishia kwenye kichwa cha habari. Baba yako, kwenye kigoda chake, akajitia mwamuzi na akawa anatoa maksi za upendeleo kwa fundi mwenzake. Muuguzi akaja kutupima presha, akatuambia tushushe sauti, hapa watu wanaumwa.

"Nani?" akauliza fundi wa redio, akitazama huku na huku.

Tulikuwa hatujafika hata nusu ya ubishi dawa ikaisha kwenye chupa. Muuguzi akachomoa sindano, akabandika pamba, na bila hata kunitazama, kama anavyomwambia kila mtu, akasema: "Haya, mtamalizia dripu ijayo."

Dripu ijayo, mwanangu! Simama, lisome neno hilo kwa sauti humo ndani ya chumba chenu cha giza, wasikie wote.

Ni mimi, shangazi yako, mzima na mbishi,
Mwiba